Kosa Lililofichwa Silinda ya Tatu

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Spana amesimama katikati ya gereji yake, kitambaa cha grisi mkononi, macho hayabanduki getini. Gari la bluu lilikuwa linaingia. Lilikuwa linatetemeka kama mtu mwenye homa, linakohoa, linataka kuzima na halizimi.

Gari hilo alilijua vizuri. Alilifufua yeye na mumewe kutoka kwenye chuma chakavu kilichotupwa na wenyewe. Na ndilo alilopanda mumewe asubuhi ile aliposema anakwenda kununua spea mara moja, akaenda jumla.

Mnamkumbuka mumewe: Fundi Bado. Jina lilimganda kwa sababu kila mteja aliyekuja kuuliza kama gari lake liko tayari alijibiwa neno hilo moja.

Wengi wenu mmeniletea ujumbe mkisema atashuka Fundi Bado mwenyewe, apige magoti, aombe radhi, na mambo yaishe. Poleni sana. Mlango ulifunguliwa, akashuka binti.

Binti mrefu, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Na mwilini alikuwa amevaa koti la mvua la Fundi Bado, lile lenye kiraka begani ambacho Mama Spana alikishona kwa mkono wake.

"Shikamoo, mama."

Mama Spana alikitazama kile kiraka. "Marahaba. Una shida gani?"

"Gari linatetemeka, halina nguvu. Na hii taa ya injini inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Naomba unisaidie haraka. Leo hii nina safari ya mbali."

"Safari na nani?"

Swali lilimtoka kabla hajalipima. Binti hakuona ubaya wowote.

"Na mwenye gari," akajibu.

Kumbe ndivyo. Miezi yote hii Mama Spana amekuwa akiwaambia wateja kwamba mumewe amesafiri, na sasa safari yenyewe imekuja mbele yake, ina miguu miwili na koti alilolishona yeye.

Jirani yake mchomeleaji, yule mwenye kazi mbili za kuchomelea mageti na kubeba habari za watu, alichungulia juu ya ukuta. Ndiye aliyeleta umbea ule tangu siku Fundi Bado alipoondoka.

"Ndiye huyohuyo," akamnong'oneza. "Yule niliyemwona naye garini. Walikuwa bega kwa bega."

"Kachomelee vyuma vyako," alijibu Mama Spana bila kumtazama.

Akaingia garini, akakaa kwenye kiti cha dereva. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele, kwa vipimo vya mtu mwingine. Jambo hilo dogo lilimuumiza kuliko koti.

"Taa imeanza lini?"

"Leo asubuhi. Nimeendesha kutoka upande wa pili wa mji."

"Na inakonyeza hivihivi njia nzima?"

"Nilidhani ni kama ile ya mafuta, kwamba unaendelea tu mpaka ufike."

"Taa hii ikiwaka ikatulia, una nafasi ya kwenda polepole mpaka kwa fundi," alisema Mama Spana kwa sauti kavu. "Ikikonyeza, unaegesha hapohapo ulipo. Maana yake kuna silinda haichomi. Petroli inaingia humo na kutoka mbichi, inakwenda kuungulia kwenye eksozi. Ungekwenda nalo safari hivi, ungeua kichujio cha moshi, na pengine ungewasha moto chini ya miguu yako."

"Sikujua, mama."

"Yako mengi hujui."

Akachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani. Haikuchukua muda. Kioo kidogo kikamwonyesha alichokwisha kukisikia kwa masikio: injini inamisi, silinda ya tatu.

Mashine kukuambia silinda ya tatu si kukuambia ugonjwa ni nini. Huenda ni plagi, huenda ni koili inayoipa plagi umeme, huenda ni waya, huenda ni injini yenyewe imechoka. Fundi mwenye roho safi anaanza kutafuta. Fundi mwenye roho chafu ana kitufe.

Kitufe kipo kwenye mashine ileile, kazi yake kufuta. Ukikibonyeza taa inazima, mteja anatabasamu, anaondoka. Kosa linabaki palepale, na baada ya muda linarudi, lakini wakati huo mteja ameshafika mbali na wewe.

Mama Spana alimtukana kila fundi aliyewahi kukitumia kitufe hicho kwa hila. Leo kidole chake kilikaa juu yake.

Akilini aliwaona wawili hao barabarani, mahali pasipo na nyumba, gari limekufa, boneti limeinuliwa, na Fundi Bado akiinama kutafuta kosa ambalo mke wake amelifumbia macho. Nisiwafiche, wasomaji wangu. Picha hiyo ilimburudisha.

Akabonyeza.

Taa ikazima. Binti aliyekuwa ameshika mlango kwa wasiwasi akashusha pumzi ndefu.

"Limepona?"

"Washa uende."

"Ahsante sana, mama. Mungu akubariki. Baba angenisumbua kama nisingefika hapa, aligoma hata kupanda gari."

Mama Spana alikuwa anazungusha waya wa mashine. Mikono ikasimama.

"Baba yupi?"

"Baba yangu. Mwenye gari."

"Baba yako wa kukuzaa?"

"Ndiyo, mama."

Alimtazama binti usoni, safari hii akamtazama kweli. Akaliona paji lile pana, akaiona nyusi ya kushoto iliyokaa juu kidogo kuliko ya kulia. Hata umri ulimjibu. Binti huyu alikuwa tayari anatembea wakati Mama Spana anaingia gereji hii mara ya kwanza kujifunza kazi. Hakuwa hawara, wala hakuwa mtoto aliyezaliwa kwa siri nje ya ndoa. Alikuwa mtoto wa kabla yake, ambaye mumewe hakuwahi kumtaja kwa miaka yote waliyolala kitanda kimoja.

Injini ilikuwa bado inanguruma na kukohoa. Kwenye dashibodi taa ikarudi, ikaanza kukonyeza upya.

"Zima," alisema Mama Spana. "Halijapona. Nilikosea."

Binti akazima. Mama Spana alifungua boneti, akainama ndani yake ili uso wake usionekane.

"Baba yako yuko wapi?"

"Kwangu, nimepanga chumba. Anaumwa, mama. Mama yangu alifariki, baba akaja tukaenda naye kuzika kwa wajomba zangu. Jioni ileile baada ya mazishi akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia wote umekufa."

"Anasema?"

"Hasemi. Na kuandika haandiki, mkono wa kuandikia ndio huo uliokufa. Simu yake ilipasuka alipoanguka. Limebaki neno moja tu mdomoni, na kila umuulizacho anajibu hilohilo. Baba, chai? Bado. Baba, unaumwa? Bado. Mwanzo nilikuwa nacheka. Sasa likinijia usiku nalia."

Mama Spana alijipapasa nyuma, akapata tairi kuukuu, akakaa.

Miezi yote ile alimlaani. Alilitoa ovaroli lake kwenye msumari akalifanya matambara. Hakuuliza hospitali hata moja, kwa sababu mwanamke aliyeachwa akianza kuuliza, mji mzima unajua kwamba ameachwa. Na mtu mwenyewe alikuwa upande wa pili wa mji, amekaa kwenye kiti, hawezi kumwita.

"Mama, unamfahamu baba?"

"Tulifanya kazi pamoja."

"Afadhali. Nilidhani hana hata rafiki. Maana hana mtu mwingine duniani ila mimi."

Wenye moyo mwepesi mtauliza kwa nini hakumwambia pale pale kwamba yeye ni mke. Angesema nini? Kwamba ni mke, lakini alimwamini mchomeleaji kuliko mumewe? Akainuka, akachukua spana, akafanya alichokijua.

Alichomoa koili ya silinda ya tatu, akaihamishia ya kwanza, na ya kwanza akaipeleka ya tatu. Kama koili ndiyo mbovu, ugonjwa ungehama nayo.

"Washa."

Gari likatetemeka. Mashine ikasema vilevile: silinda ya tatu.

"Koili nzima. Zima."

Akafungua plagi ya tatu, akaipangusa, akaitazama. Ilikuwa imelowa petroli mbichi lakini ncha yake ilikuwa nzuri. Hata hivyo akaibadilisha na ya silinda ya pili, kwa njia ileile.

"Washa."

Silinda ya tatu.

Binti alitazama jua, akatazama geti. "Mama, litachukua muda? Wajomba zangu wanakuja leo. Tunamhamishia baba kwao, ni mbali sana. Wao wako wengi, watamtunza. Mimi nimechoka, siwezi kuficha. Nikiwa kazini anashinda peke yake."

"Leo hii?"

"Leo. Wakifika tunaondoka."

Sasa mnaona mahali alipobanwa. Akilitengeneza gari, linampeleka mumewe mahali asipojua hata njia yake. Asipolitengeneza, wajomba wataleta gari jingine.

"Nani mwingine amefungua boneti hili?"

"Hakuna." Binti akafikiri. "Labda baba. Asubuhi nilipomwambia kwamba safari ni leo, akataka nimtoe nje. Nikakisukuma kiti chake mpaka kwenye gari. Akawa anagonga boneti kwa mkono wa kushoto, anagonga tu, mpaka nikalifungua ili anyamaze. Nikasema labda amekumbuka kazi yake, nikamwacha aangalie, nikaenda kufunga mizigo. Kurudi namkuta jasho linamtiririka, kidole kimechubuka, mkono umejaa grisi. Nilimgombeza kama mtoto mdogo."

"Halafu?"

"Halafu nikawasha, likaanza kutetemeka. Na yeye akageukia hii stika." Akaonyesha pembe ya kioo cha mbele, pale palipobandikwa jina la gereji. "Akawa anaigonga kwa kidole. Nikisema nitalipeleka kwa fundi wa mtaani, anapiga kelele. Hakutulia mpaka nilipomuahidi kuja hapa."

Mama Spana alichukua tochi, akaichomoa soketi ya waya inayoingia kwenye koili ya tatu, ile aliyoichomoa na kuirudisha mara mbili bila kuitazama ndani. Akaimulika.

Chini kabisa, katikati ya vyuma vya kupitisha umeme, kuna kitu kiling'aa.

Akakivuta kwa kibano. Kilikuwa kipande cha nailoni nyembamba isiyo na rangi, kimekunjwa pembe tatu. Mikunjo yake haikulingana, kwa sababu kilikunjwa kwa vidole vya mkono mmoja.

Hili ndilo jambo ambalo hakuna mashine ingemwambia. Zamani, alipokuwa mwanafunzi wa kazi na Fundi Bado ndiye mwalimu wake, Fundi alikuwa na mtindo wa kuficha kosa ndani ya gari zima na kumwambia alitafute. Leo analegeza waya, kesho anaziba bomba. Yeye anakaa nyuma na kikombe chake cha chai, na kila mwanafunzi huyo akigusa mahali pasipo penyewe, anasema, "Bado."

Mtihani wa mwisho ulikuwa nailoni iliyokunjwa pembe tatu ndani ya soketi ya silinda ya tatu. Mama Spana alihangaika nao tangu asubuhi mpaka akatokwa na machozi ya hasira. Alipoivuta, Fundi Bado aliweka kikombe chini, akamuuliza kama angekubali kukaa naye hapo maisha yake yote, na hakuwa anazungumzia gereji.

Mtu aliyenyang'anywa ulimi na mkono wa kuandikia alisikia kwamba leo anapelekwa mbali. Akatumia mkono wa kushoto uliobaki kumwita mke wake kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Na mke huyo nusura amfutie taa ampungie mkono.

Alilia, akalia wazi, nailoni kiganjani.

"Mama, ni kosa kubwa hivyo?" binti aliuliza kwa hofu.

"Dogo tu, mwanangu. Dogo sana."

Aliirudisha soketi ikabana sawasawa, akarudisha plagi na koili kila moja mahali pake. Injini ilipowaka ilitulia tuli. Akafuta taa, safari hii kwa haki, akasubiri, akakanyaga mafuta, akasubiri tena. Taa haikurudi. Binti akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Gari lililokuwa linakonyeza sikabidhi mpaka nilijaribu mwenyewe barabarani," alisema Mama Spana. "Ndiyo sheria ya gereji hii. Kaa pembeni. Tunakwenda kwako."

Sheria hiyo ilikuwepo kweli, ila haikuwahi kumvusha mji. Aliendesha, binti akimwelekeza njia. Taa ya injini imelala, moyo wake ndio unaomisi.

Chumba kilikuwa cha mwisho kwenye ua mrefu wa saruji, kamba za nguo juu, ndoo mlangoni. Mizigo imeshafungwa, imepangwa ukutani. Na dirishani, kwenye kiti cha magurudumu kilichofungwa waya upande mmoja, alikaa Fundi Bado.

Amekonda. Nusu ya uso imeshuka. Shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa mzima.

Mama Spana alipiga magoti mbele yake na ovaroli lake lenye mafuta. Akakifungua kiganja, akamwonyesha kile kipande cha nailoni.

"Nimekiona," alisema.

Upande mmoja wa mdomo wa mumewe ukacheka, na macho yote mawili yakatoa machozi. Mkono wa kushoto uliinuka taratibu ukamshika bega, ukashuka mpaka kwenye mkono wa ovaroli, ukakamata kitambaa na kukigandamia. Mama Spana aliinamisha kichwa kwenye magoti yale, lile lenye uhai na lile lililokufa, akamwomba msamaha kwa kila usiku aliomlaani. Alimwambia kwamba haendi popote. Kwamba kitanda chao kipo. Kwamba ataweka mteremko mlangoni kwa ajili ya kiti.

"Mama," binti aliita kutoka mlangoni, sauti imebadilika. "Wewe na baba mlifanya kazi gani pamoja?"

Nyuma yake waliingia wanaume wawili, wajomba zake. Wa mbele alikuwa mtu mzima mwenye kofia mkononi, mpole wa sura, kaka mkubwa wa marehemu. Alisalimia chumba kizima kwa adabu, halafu akamwona mwanamke wa ovaroli amekumbatia magoti ya shemeji yake.

"Samahani, mama. Wewe ni nani?"

Mama Spana alisimama. Neno aliloshindwa kulisema gerejini sasa lilitoka bila kusukumwa.

"Mimi ni mke wake. Nimekuja kumchukua mume wangu nyumbani."

Binti alishika fremu ya mlango. Wanaume wale wawili walitazamana. Yule wa kofia alipoongea hakuwa na hasira, alikuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha Mama Spana.

"Mama yangu, sijui nani kakutuma. Mke wa mtu huyu alifariki. Alituambia yeye mwenyewe kwa kinywa chake, kabla hakijafungwa. Alisimama kando ya kaburi la dada yangu akasema naye amefiwa na mke aliyekuwa akiishi naye, hana mtoto mwingine, hana pa kurudi, tumpe binti yake, azeekee kwake. Tulilia naye sote. Muulize binti."

Binti alikuwa ameshainamisha kichwa.

Mama Spana alimgeukia mumewe. Ulimi ulikuwa umekufa, lakini shingo ilikuwa nzima, na kukataa kwa kichwa aliweza. Alimsubiri akatae. Alimsubiri mbele ya watu wote wale, na angetosheka na mtikisiko mdogo tu.

Fundi Bado alikiachia kitambaa cha ovaroli, kidole kimoja kimoja, akageuzia uso ukutani.